Shahidi wa Mate

1

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kupokea mate ya watu, na sikuwahi kuona haya kuisema. Wenzangu niliosoma nao wako mabenki, wako mahakamani, mmoja anarusha ndege. Mimi, Nakijwa Msangi, nilikuwa Shahidi wa Mate Daraja la Pili katika kambi ya judo hapa Machame. Kila asubuhi saa moja kamili nilifungua dirisha langu, nikavaa glovu, nikasema, "Haya, leteni."

Wanakuja wamepanga mstari, wachezaji kumi na tisa, kila mmoja na kichupa chake chenye jina. Wananiita Mama Mate. Mwanzoni nilikasirika nikatishia kuwashtaki wote kumi na tisa, mmoja mmoja, kesi mbalimbali. Wakacheka hadi wakakaa chini. Wakasema, "Huyu kweli Mpare." Na mimi Mpare kweli, tena wa Usangi, sasa nitakataa?

Jumatano ile wa mwisho kwenye mstari alikuwa Aikande Swai. Msichana wa miaka ishirini na mbili, kilo hamsini na saba, ndiye tegemeo la kambi nzima. Jumamosi yake kulikuwa na mchujo wa timu ya taifa mjini Moshi, na alikuwa ameusubiri miaka minne.

"Shikamoo, Mama Mate."

"Marahaba. Mbona unaegemea ukuta? Utauangusha."

Hakucheka. Akaniwekea kichupa, nikakipachika kwenye Mizani. Mizani ni boksi jeupe, kubwa kama friji ya dukani, na ndiyo mkubwa wetu wa kazi. Mwili ukichoka, mate yanasema kabla mdomo haujasema: homoni ya msongo inapanda, kinga ya kinywani inashuka, na mengine mengi ambayo nilifundishwa kwa wiki mbili na nikayasahau kwa moja. Mizani inayasoma yote kwenye kichupa kimoja. Ikiona umepumzika inawasha kijani, na mzigo wako wa mazoezi unaongezeka asilimia mbili. Ikiwa njano, mzigo unabaki palepale. Ikiwa nyekundu, mlango wa ukumbi haukufungukii, na hakuna wa kuubembeleza. Sheria ya Mzigo ilipitishwa baada ya vijana wanne wa timu ya taifa kuanguka mazoezini siku moja, na mmoja hakuamka. Hilo hatulitanii.

"Kijani!" ikasema Mizani kwa ile sauti yake ya mshereheshaji wa harusi. "Mwili umepona kabisa. Hongera, Aikande. Mzigo wa leo ni asilimia mia moja na arobaini na sita."

Siku ya ishirini na tatu mfululizo. Hakukuwa na mchezaji nchi nzima aliyewahi kufika hapo. Wilaya walituletea cheti, tukakitundika juu ya bomba la maji ya kunywa.

Asilimia mia moja na arobaini na sita maana yake, wakati wenzake wanatupa na kutupwa mara mia mbili, yeye ni mara mia mbili tisini na mbili. Nikamtazama kupitia kioo akiingia ukumbini. Akafika ukingoni mwa mikeka, akainama kwa heshima kama desturi ya judo inavyotaka. Akainama, akainama, akabaki ameinama. Wenzake wakapita. Kocha wetu, Sensei Kundaeli Urio, akasimama akimwangalia kwa furaha.

"Mnaona nidhamu hiyo?" akawaambia wengine. "Mnaona heshima?"

Kisha tukasikia mkoromo.

Nikatoka mbio dirishani. Nilipomshika bega akashtuka, akanirusha. Haki ya Mungu, nilipaa. Nikatua kwenye mikeka chali, glovu mkononi, nikiangalia feni. Aikande akapiga magoti kando yangu akilia.

"Nisamehe, mama! Nisamehe, nilidhani ni zoezi!"

"Zoezi la nini? Mimi nina kilo tisini!"

"Nisamehe. Sijui nina nini. Naamka nimechoka, nalala nimechoka. Ngazi za kanisani nazipanda kwa mikono." Akajifuta machozi na mkanda wake. "Lakini Mizani inasema nimepumzika. Kwa hiyo ni uvivu tu. Mimi ni mvivu, Mama Mate. Kumbe siku zote nilikuwa mvivu."

"Mwili wako unasemaje?"

"Mwili unadanganya. Mizani haidanganyi." Akanitazama. "Si wewe mwenyewe ulituambia siku ya kwanza?"

Ni kweli niliwaambia. Nilisimama mbele yao na glovu mpya, nikasema kwa sauti kubwa, Mizani haidanganyi. Nikarudi dirishani kwangu nikichechemea.

2

Sina kawaida ya kusoma maandishi madogo kwenye karatasi za Mizani. Siku hiyo kiuno kilikuwa kinauma na sikuweza kuinuka kitini, basi nikasoma. Chini kabisa, chini ya hongera zote, iliandikwa: *Alama ya ugoro: ipo. Si kosa.*

Nikavuta karatasi ya Jumanne. Ugoro. Ya Jumatatu. Ugoro. Nikarudi nyuma siku zote ishirini na tatu, ugoro mtupu.

Looo! Nikapandisha hasira. Mtoto mzuri vile, mlokole, anaimba kwaya, kumbe anabwia ugoro! Nikaapa kesho yake alfajiri nitamfuata hukohuko kwao, nimkute nao mdomoni.

Hapa lazima niseme jambo ambalo ningependa kulinyamazia. Sheria inataka mate yatemwe ndani ya robo saa tangu mchezaji afumbue macho, kabla hajanywa wala hajapiga mswaki, *mbele ya Shahidi*. Shahidi ni mmoja. Wachezaji ni kumi na tisa, wametawanyika kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya kifamilia, kuanzia bondeni hadi karibu na msitu, na wote wanaamka saa kumi na moja alfajiri. Sasa mimi nitakuwa wapi? Basi tukafanya kama wanavyofanya mashahidi nchi nzima. Kila mtu atatema kwake, atafunika, ataleta. Na mimi ninasaini pale penye *Nimeshuhudia kwa macho yangu*. Nikawa ninasaini huku nakunywa chai.

Mimi niliyempeleka jirani yangu kwenye baraza la kata kwa miaka mitatu kwa sababu ya ndizi iliyoinamia upande wangu. Nilikuwa nasaini uongo kumi na tisa kila asubuhi, na wala chai haikunipalia.

Alhamisi alfajiri nikapanda mlima. Kihamba cha kina Swai kiko juu, na njia yake imejaa matope. Nilifika napumua kwa mdomo, nikajibanza nyuma ya banda la ng'ombe, mahali ambapo dirisha la jikoni linaonekana vizuri.

Aikande akaja jikoni anaburuta miguu. Akakaa, akachukua kichupa, akaanza kutafuta mate. Nasema kutafuta, maana hayakuwepo. Alikunja mashavu, akasugua ulimi, akafikiria ndimu. Baada ya dakika nzima akatoa tone moja, lile la kuaibisha. Kichupa kina mstari, na tone lake lilikuwa mbali na mstari. Akakiacha wazi mezani, akachukua panga na kamba, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, bila shaka akitumaini mate yatakuja njiani.

Akaingia bibi yake.

Bibi Ndeonasia namjua, kila mtu Machame anamjua. Ana miaka themanini na nne. Ni mdogo, amenyooka, na kila jioni saa mbili analala, hata kama wageni wako sebuleni. Akafika mezani. Akachomoa kinyunga, lile donge la ugoro, chini ya mdomo, akakiweka pembeni kwa heshima. Akakiinua kichupa usawa wa uso, akasema maneno ya Kichagga kwa sauti ya chini, akatema ndani. Ptu. Akasema tena. Ptu. Akakitazama kwenye mwanga, akaona bado mstari haujafikiwa, akamalizia. Ptu.

Nikatoka nyuma ya banda kwa kelele.

"Bibi! Bibi Ndeonasia! Unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "Kumbe ni wewe, Mpare. Nilikuona kitambo. Nikasema amekuja kuiba ng'ombe, lakini mbona ni mnene hivyo. Ingia unywe kahawa."

"Bibi, hayo ni mate ya serikali!"

"Ni ya mjukuu wangu." Akaniwekea kigoda. "Kaa. Unanukia banda."

Nikakaa, na akanieleza bila haraka, huku anamimina kahawa. Tangu Aikande akiwa mdogo, kila asubuhi alikuwa anambariki kabla hajatoka, kama alivyobarikiwa yeye na bibi zake: anamtemea mate kidogo kifuani na usoni, anamwombea kwa Ruwa, Mungu wa Wachagga, mtoto anaondoka. Kisha wiki tatu zilizopita mtoto akamwambia, Bibi, usinitemee tena asubuhi, sheria inakataza, mate yako yataharibu kipimo.

"Nikasema sawa," alisema Bibi Ndeonasia. "Mimi sigombani na serikali. Lakini nitamwachaje mtoto aende kupigana bila baraka? Nikakaa nikawaza. Nikaona kile kichupa. Mate yake yamo mle, yanasafiri peke yake kwenda kwenu, yanasomwa na mashine. Nikasema, basi nitayabariki yenyewe, huko huko mnakoyapeleka."

"Na kuyajaza mpaka kwenye mstari?"

"Sasa mtoto ana mdomo mkavu, ningemwacha aaibike? Nikishajaza nakifunika, naye kwa usingizi wake anadhani alikijaza mwenyewe."

Nikashika kichwa. Kwa siku ishirini na tatu Mizani ilikuwa inapima mwili wa Bibi Ndeonasia, mtu anayelala masaa kumi kila usiku, anayekunywa mtori wa ndizi, na ambaye hajali maneno ya mtu yeyote tangu mlima ulipokuwa na theluji. Mwili kama huo haujawahi kupita mbele ya ile mashine. Bila shaka ulikuwa kijani! Na kila bibi alipowaka kijani, mjukuu aliongezewa asilimia mbili.

Mtu atauliza, mashine yenye akili hivyo ilishindwaje kujua mate ni ya nani? Zamani ilijua. Mizani za mwanzo zilisoma nasaba, na zilitangaza kwa sauti, mbele ya watu. Kuna timu moja ya mieleka ilivunjikiwa ndoa saba kwa asubuhi moja. Bunge likakaa siku moja tu likapiga marufuku. Siku hizi inaangalia ukoo juujuu, na bibi na mjukuu ni ukoo mmoja.

Aikande akarudi na mzigo wa majani kichwani, akanikuta nimekaa. Nikafungua mkoba, nikatoa kichupa kipya.

"Shikamoo, Mama Mate. Kuna nini?"

"Marahaba. Tema hapa. Mbele yangu, hata kama tutakaa mpaka mchana."

3

Mizani ina kitufe cha majaribio ambacho hakiandiki popote. Nikakibonyeza, nikaweka mate halisi ya Aikande. Ilikaa kimya muda mrefu. Nikadhani umeme umekatika.

"Shahidi," ikasema mwishowe, na ule utamu wa harusi haukuwepo. "Mwenye mate haya yuko karibu nawe?"

"Yuko kwao."

"Asibebe kitu. Hata mkoba. Asitupwe wala asitupe kwa siku ishirini na moja. Tafadhali mwiteni daktari leo."

Sensei Kundaeli alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Nikamsimulia habari za bibi na kichupa. Akacheka mwanzoni, halafu akaacha, halafu akafunga mlango wa ofisi.

"Dada Nakijwa, nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi. Na ng'ombe."

"Sikiliza. Ukiripoti, ni uchafuzi wa sampuli. Unajua adhabu yake?"

Niliijua. Miaka miwili nje ya mashindano, na inamwangukia mchezaji, hata kama aliyechafua ni upepo. Kilichomo kwenye kichupa ni chako.

"Mtoto hana kosa," nikasema.

"Hana. Ndiyo maana nakwambia tunyamaze siku mbili tu." Akainua vidole viwili. "Ijumaa na Jumamosi. Bibi abariki mara mbili nyingine, mlango ufunguke, Aikande apigane mapambano yake matatu, achaguliwe, Jumapili tumlaze mwezi mzima. Nitampepea mwenyewe."

"Na akianguka kama yule kijana?"

Sensei akakaa. Ni mtu mzima, mkanda mweusi wa miaka thelathini. Kabla ya Mizani alikuwa anamjua mchezaji aliyechoka kwa kusikiliza nyayo zake kwenye mikeka, anageukia dirishani bila kumtazama, anasema, wewe kapumzike. Nimemshuhudia. Siku hizi anaangalia kioo cha Mizani.

"Nilizisikia nyayo zake," akasema polepole. "Wiki nzima hii nazisikia. Nikajiambia masikio yangu yamezeeka."

Nilikuwa nimekasirika, na kibaya zaidi, sikuwa na wa kumkasirikia. Bibi alibariki. Mtoto alitii. Mashine ilipima kile ilichopewa. Kocha aliamini karatasi, na karatasi ilikuwa na saini yangu, mara ishirini na tatu, kwa mwandiko mzuri.

4

Ijumaa asubuhi nikapanda tena mlimani kumwambia Aikande mwenyewe. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi, anaitazama. Nikamweleza kila kitu, kuanzia ptu ya kwanza.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilitegemea atamkasirikia bibi yake, au mimi, na mimi ningestahili. Akaniuliza kitu kimoja.

"Kwa hiyo mimi si mvivu?"

"Mvivu wapi! Umebeba mzigo wa watu wawili kwa wiki tatu, na mmoja wao ni bibi asiyechoka. Mashine imeshangaa upo hai."

Akalia. Alilia kwa sauti, ile ya mtoto mdogo, akajiziba uso kwa ile soksi. Mimi sina tabia ya kukumbatia watu. Nikamkumbatia.

Kisha akajifuta, akakaza mkanda wa gauni lake, akawa Aikande yule ninayemjua.

"Lakini kesho nitapigana."

"Hupigani."

"Mama Mate, miaka minne! Nimekosa harusi ya kaka yangu. Nimekosa kila kitu. Mapambano matatu tu, kila moja dakika nne, hata nikiwa nimelala nitawaangusha. Wewe si nilikuangusha nikiwa nimelala?"

Hoja ilikuwa nzito, maana kiuno kilikuwa bado kinauma.

"Aikande, moyo wako..."

"Moyo ni wangu! Mate ni yangu, mwili ni wangu, kila mtu anaupima isipokuwa mimi. Kwa nini nisiamue mwenyewe?"

Hapo alinishika. Nitakuwa mkweli, hadi leo sina jibu lote. Nikasema lililokuja mdomoni.

"Utaamua mwenyewe, na mimi sitakuzuia. Ila usiamue ukiwa hujui kuvaa soksi. Jinyooshe hapo dakika tano, halafu tubishane vizuri, mtu na mtu."

"Dakika tano tu," akasema, akanionya kwa kidole. "Na nikiamka nitakushinda."

Kichwa hakikufika hata kwenye mto, usingizi ukamchukua. Nikamvua ile soksi moja, nikamfunika, nikatoka.

Bibi Ndeonasia alikuwa uani anakatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Alikuwa amesikia, maana nyumba ile haina siri. Kisu kilikuwa kinakwenda taratibu kuliko kawaida yake.

"Mimi ndiye nilimchosha," akasema bila kuniangalia.

"Bibi, ulimbariki."

"Nilimbariki mpaka akaanguka." Akaweka kisu chini, na kwa mara ya kwanza nikamwona mzee. "Nipeleke kwa hao wakubwa wako. Nitawaambia ni mimi. Wanifungie mimi hiyo miaka miwili, sina mashindano ya karibu."

Sikucheka, ingawa ilistahili. Nikamwomba anipe meza na kalamu.

Watu wanatutania Wapare kwamba tunapenda kesi. Ni kweli, na kupenda kesi ni kusoma sheria hadi vifungu vya nyuma ambako hakuna mtu anafika. Nilikuwa nimebeba kitabu cha Sheria ya Mzigo. Kifungu cha tisa kinasema sampuli iliyochafuliwa ni kosa la mchezaji. Lakini kifungu cha pili kinaeleza sampuli ni nini: mate yaliyotemwa *mbele ya Shahidi*. Yasiyoshuhudiwa si sampuli. Ni mate tu, kama yale ya barabarani. Na mate ya barabarani hayachafuliki.

Basi kilichotakiwa ni mtu mmoja kukiri kwamba hakushuhudia.

Nikakaa na kalamu mkononi. Nilijua nikiandika, dirisha langu limefungwa, na hakuna kambi nyingine itakayomchukua Shahidi asiyeshuhudia. Niliipenda kazi ile. Watu wanacheka, lakini niliipenda: ule mstari wa asubuhi, zile shikamoo kumi na tisa. Nikafikiria pia mashahidi wenzangu nchi nzima na chai zao. Nikaandika: *Mimi Nakijwa Msangi sikushuhudia. Hata mara moja. Si Aikande tu, wote.* Nikasaini kwa ule mwandiko wangu mzuri, ikawa mara ya kwanza kwa miaka sita saini yangu kusema kweli.

Nikateremka, nikampa Sensei karatasi aitume. Aliisoma mara mbili. Hakunishawishi niirudishe. Akavua viatu, akaingia ukumbini, na nikamsikia akiwaambia wachezaji wazunguke mikeka polepole, bila kuongea, huku yeye mwenyewe amefumba macho anasikiliza.

5

Jumamosi saa nne asubuhi, wakati mchujo unaanza mjini, nilikuwa nimekaa uani kwa Bibi Ndeonasia na barua mbili mkononi.

Ya kwanza ilikuwa yangu, na ilikuwa fupi. Kuanzia leo si Shahidi. Nirudishe glovu.

Ya pili ilitoka kwa Mizani yenyewe, na ilikuwa ndefu. Ilipopata taarifa yangu ilitenganisha kumbukumbu za mate katika watu wawili. Wa kwanza, Aikande Swai: hana kosa, apumzike siku ishirini na moja, atapimwa upya, na aruhusiwe mchujo wa marudio wa Machi. Wa pili, *mchezaji asiyesajiliwa*: siku ishirini na tatu za kijani, uwezo wa mzigo haujawahi kuonekana, anaombwa kwa heshima kufika Moshi mjini leo, kundi la wanawake, akiwa na nguo nyeupe na kucha fupi.

Nikamsomea. Akaomba nirudie ile sehemu ya *kwa heshima*.

"Machi ni mbali?" akauliza.

"Miezi mitano, Bibi."

"Atakuwa amelala ya kutosha." Akatazama kucha zake. "Na hao wa leo, wananisubiri?"

"Wanakusubiri."

"Waambie ningekuja, ila nina ng'ombe."

Mlango wa ndani ukafunguka. Aikande akatoka na shuka mabegani, nywele upande mmoja, jicho moja limefumba. Alikuwa amelala saa ishirini na sita. Daktari alikuja, akampima akiwa usingizini, akaondoka kwa kunyata.

"Dakika tano zimeisha?" akasema.

"Bado kidogo."

"Nani anapigana kilo zangu?"

Nikamtajia msichana wa Arusha, yule mwenye mguu wa kushoto mzito. Aikande akafikiri, amesimama anayumba.

"Huyo ninamwangusha," akasema.

"Unamwangusha."

"Machi?"

"Machi."

Aliniangalia na lile jicho moja kwa muda. Sijui kama alikuwa ananishukuru au ananidai, nadhani yote mawili. "Sijamaliza kubishana na wewe," akasema, akageuka, akarudi kulala. Tukasikia kitanda, kisha mkoromo ule ule wa Jumatano.

Nikasimama niage. Kulikuwa na kambi ya kwenda kurudisha glovu, na baada ya hapo sikujua ninakwenda wapi. Nilikuwa na miaka arobaini na minane na nilichojua duniani ni mate. Nadhani ilionekana usoni, maana Bibi Ndeonasia aliniambia nisubiri. Akachomoa kile kinyunga cha ugoro, akakiweka pembeni kwa heshima. Akaja akasimama mbele yangu, mdogo, akaniamuru niiname.

Miaka sita nimeshika mate ya watu kwa glovu, na tone likinigusa mkono nilikuwa nausugua kwa dawa hadi ngozi inawasha. Nikainama. Akasema maneno yake ya Kichagga kwa sauti ya chini, akataja jina langu na la baba yangu, Mpare mzima mzima mbele ya Ruwa wa Wachagga, kisha akanitemea. Ptu kwenye paji la uso. Ptu kwenye kiganja cha kulia, kile cha kusainia.

Sikujifuta. Niliteremka mlima wote nimekiinua kile kiganja, hadi yakakauka yenyewe.